Miadi Nisiyoiandika

Nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya kochi la mwalimu mkuu, misumari imejaa mdomoni, simu ilipolia mfukoni. Nikaitoa, nikasoma: kesho asubuhi, viti vya daktari wa meno. Nikatema misumari. Viti gani tena? Mimi sikuandika kitu kama hicho.

Programu yenyewe aliniwekea mkwe wangu, mke wa mwanangu, karani wa mapokezi hospitalini. Kabla ya hapo miadi nilikuwa naiandika kwa chaki kwenye mbao za kiti nilichonacho mkononi, halafu, fundi mzima na akili zangu, nakipigia kitambaa juu. Kuna watu hadi leo wamekalia ahadi zangu. Mwanangu hakucheka. Jengo la karakana ni lake, na alisema nikimwangusha mteja mmoja zaidi atalipangisha, mimi nikapumzike nyumbani. Nipumzike! Kwani nimekufa?

Basi mkwe akaanza kunitafutia. Programu ya kwanza ilitaka kujua nilipo, ya pili ikataka picha zangu. Nikamuuliza, hizi ni daftari au ni wapelelezi? Ya tatu ilikuwa ukurasa mweupe na kalenda, basi.

"Unaandika, inakukumbusha, baba. Haina mbwembwe."

Nikaipenda. Kisha akaongeza, kama mtu anayezungumzia mvua, kwamba na yeye ataiona kwenye simu yake, na kila Jumapili mume wake ataipitia. Hapo machale yakanicheza.

Na viti vya daktari havikuwa vya kwanza. Kabla yake kulikuwa na benchi la saluni, nalo silijui. Ahaa, nikajisemea. Ananipachikia miadi hewa, nisiitimize, Jumapili mwanangu aone mzee kaisha. Siku zile hata chai yake nilikuwa nainywa huku namkodolea macho.

Nilimtegea. Asubuhi nikavaa shati la kutokea, nikaenda kwa huyo daktari makusudi, aniambie kwa kinywa chake kwamba hanijui.

Alinipokea mlangoni. "Karibu fundi! Umekuja na kile kitambaa tulichochagua?"

"Tulichagua lini?"

Akacheka, akidhani namtania. "Si ulikaa hapa hapa, ukanisimulia habari za marehemu mkeo mpaka wagonjwa wakanung'unika?"

Nikacheka naye. Ningefanya nini? Nilipima viti vyake, na kila kipimo nilikirudia.

Jioni nilimkuta mkwe jikoni anamenya viazi. Nikaiweka simu mezani mbele yake.

"Ni wewe unayeandika humu."

Hakukana. "Kila Jumamosi nawapigia wateja, baba. Nawauliza mmepanga nini. Yaliyokosekana nayaandika kabla mwanao hajaangalia."

"Anajua?"

"Akijua, karakana huna."

Nilikuja na hasira ya kuvunja sahani, na sasa sikujua niipeleke wapi. Mtu niliyemwona nyoka ndiye aliyekuwa ananifichia aibu, akishapokea wagonjwa kutwa nzima. Nilitaka kumshukuru, nikaishia kuisogeza simu pale mezani. Nilitaka kumuuliza ni mangapi niliyoyasahau, nikaogopa. Sikuwahi kuogopa vile, hata siku ya kumzika mke wangu.

Mwishowe nikauliza. "Ni mengi?"

Kisu kikasimama. Alitazama viazi, akatazama dirishani, kisha akajifuta mikono kwa khanga na kunisogezea kiti.

"Kaa kwanza, baba. Mchana ulikula?"

Nikafungua mdomo nimjibu, kisha nikamtazama yeye aniambie kama nilikula.