Hesabu Siku za Mfereji Kabla ya Kutia Mbegu

Nyie mnaolima kando ya mfereji, nisikilizeni. Kila mwaka mfereji wetu hufungwa siku kumi na tano ili matope yazolewe. Siku hizo hata ulie, tone hulipati. Mahindi yakichanua siku hizohizo, utavuna magunzi.

Baba watoto alipougua miguu, shamba alimpa kitinda mimba wetu, binti. Akamwambia, "Msimu mmoja nakuangalia. Ukishindwa, nampa kaka yako." Huyo kaka naye akacheka: "Mpeni, atapanda maua."

Binti alipanda nusu ya kwanza mapema. Kisha trekta likaharibika, akakaa kulisubiri siku ishirini badala ya kushika jembe. "Mama, udongo ukilainika, mbegu inafurahi." Mbegu ilifurahi, mimi usingizi ukanipotea. Nikaenda kwenye kalenda nyuma ya mlango wa jikoni, nikahesabu kwa kidole. Mahindi yetu huchanua siku ya sitini. Nusu ya kwanza ingechanua maji yapo. Ya pili ingechanua mfereji umefungwa siku ya tano.

Hapo ndipo nilipoharibu. Sikusema. Mahindi yalipofika goti nikawa naamka alfajiri, nainua kibao cha lango letu la maji, naingiza maji kwenye ile nusu ya pili, na zamu si yetu. Nilijiambia udongo utaweka akiba. Siku ya nne mgawa maji akanikuta nimesimama kwenye tope.

"Shikamoo, mama. Leo zamu ya nani?"

"Marahaba. Napitisha tu yaliyobaki."

"Yaliyobaki jirani anayasubiri huko chini, mama. Tangu juzi."

Jamani, aibu! Binti akaitwa. Akaitazama mistari kumi iliyo karibu na lango, majani yamegeuka manjano.

"Mama, umeyazamisha. Mizizi ikilala majini haishuki chini kutafuta. Mfereji ukifungwa, haya ndiyo yatakayoumia kwanza."

"Nilikuwa nakuogopea."

"Najua. Ungeniogopea kwa mdomo."

Kumbe naye alikwisha kuhesabu, na alikuwa akitafuta njia. Palepale akamwomba mgawa maji wabadilishane: zamu mbili zijazo za nusu ile ya pili wapewe majirani, maana mahindi yao yalikuwa yanaanza kuchanua na kiu imeyashika. Yeye apewe zamu ya mwisho kabisa, siku ya kufunga. Majirani hawakungoja kuulizwa mara mbili.

Siku ya kufunga alimwagilia mpaka jua likazama, kesho yake tukafunika udongo kwa nyasi kavu. Mbelewele zikatoka, ndevu zikafuata. Kila asubuhi nilikwenda kuzishika, bado laini. Siku ya tisa majani yakaanza kujikunja mchana, jioni yakakunjuka. Mimi nilikuwa nimejikunja kutwa kucha. Siku ya kumi na tano tukasikia maji yakija, yanasukuma majani makavu mbele yake, na binti akakaa chini pale kwenye tuta, akacheka peke yake.

Tulipovuna, nusu ya kwanza ilijaza magunia ishirini na mawili, ya pili kumi na sita. Mistari yangu kumi ilitoa debe moja la vibunzi. Baba watoto akaokota kimoja, punje zimeachana kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza.

"Hiki cha shamba la nani?"

"La mama," binti akajibu.

Mzee akacheka mpaka akashika ukuta. "Basi lililobaki lote ni lako. Endelea." Kaka mtu akabeba magunia, hakutaja maua.

Kwa hiyo msifanye kama sisi. Trekta lisiwapangie siku, na hofu isiwainulie kibao. Msimu huu binti ameweka alama kwanza kwenye siku ya kufunga mfereji, kisha akarudi nyuma siku themanini, na siku hiyo atapanda shamba zima, trekta liwepo lisiwepo. Majembe yameshanolewa, langu likiwemo.

Lango letu nalo lina kufuli sasa. Ufunguo anao yeye. Sijauomba.