Aliyembebea Yusto Msalaba

Maneno yalianzia jikoni, kama misiba yote ya Bweri. Wanawake wakimenya ndizi waliambizana kwamba Mama Yusto kamweka ndani mwanawe wa kumzaa, tena mdogo wa marehemu, na marehemu mwenyewe bado yuko mochwari. Kufika mchana, hata waliofuata ubwabwa tu walikuwa wanajua.

Na ilikuwa kweli. Eufrasia, huyo Mama Yusto, alikwenda kituo cha polisi kwa miguu yake, akamtafuta afande Judith wa usalama barabarani. Yusto alikufa akishindana na bodaboda wenzake, Bunda hadi Musoma, nani atangulie kuingia mjini, akaenda kuishia chini ya lori bovu lililoachwa kando ya lami. Sasa wenzake hao hao walikuwa wameapa kumsindikiza hadi Butiama, atakakozikwa, kwa heshima zote. Na heshima za bodaboda nani asiyezijua? Wananyanyua tairi la mbele, wanalala kifudifudi juu ya siti, wanaachia usukani, na honi mwanzo mwisho. Fredi, kitinda mimba wa Eufrasia, alikuwa ameshafungua eksozi ya pikipiki yake ili ipige kelele vizuri.

"Nilizaa wawili, afande," Eufrasia alisema. "Mmoja ndiyo huyo tunazika kesho. Huyu mwingine nishikieni mpaka hiyo kesho jua lizame. Sheria si mnayo?"

Judith akamjibu kwamba sheria ipo, ina faini na jela yake, ila inamngoja mtu akosee kwanza. Kisha akamtazama yule mama, akauliza kama Fredi ana leseni. Hakuwa nayo. Walimkuta kijiweni, wakamchukua, akaenda anacheka.

Basi nyumba ikawaka. Machage, mdogo wa marehemu mume wa Eufrasia, alikuja na wazee wa ukoo wakajaa sebuleni. Hakupandisha sauti. Alitaka kujua tu nani atatangulia na msalaba mbele ya jeneza. Yusto hakuacha mtoto, hana ndugu mwingine wa kiume, na kwao msalaba wa kijana haubebwi na jirani.

"Shemeji, mmoja unamzika, wa pili unamfunga," alisema. "Watu watasema hii nyumba imeisha."

Katekista alijaribu kueleza kwamba yeyote aliyebatizwa anaweza kuubeba. Nani alimsikiliza? Shangazi mmoja alikuwa ameshaanza kulia upya, na waliokuwa nje wakasogea dirishani wasipitwe. Ndipo akaitwa Pastory, mwenyekiti wa kijiwe, akaapa mbele ya wote kwamba msafara utakwenda mwendo wa maandamano ya Ekaristi, na kwamba Fredi hatashika usukani.

Eufrasia alirudi kituoni. Judith akamuuliza kama ana uhakika. Uhakika hakuwa nao. Alikuwa na uwanja mzima wa watu wanaomngoja. Akamdhamini mwanawe. Fredi alipotoka alipiga magoti pale pale mlangoni.

"Mama, usukani sigusi. Nakuapia kwa Yusto."

Na kiapo alikitunza.

Kesho yake walitoka mochwari pole pole kweli, hata Eufrasia akavuta pumzi. Alikaa mbele kwenye pikapu, pembeni ya Isaya dereva; nyuma lilikuwa jeneza na wanawake wa kwaya. Fredi alikuwa amepakiwa na Pastory, msalaba mweupe mapajani. Walipofika Bweri, watu walikuwa wamejipanga pande zote, simu juu. Pikipiki ya kwanza ikanyanyua tairi. Ya pili ikafuata. Pastory akaitikia kwa mafuta, na Fredi akapanda juu ya siti, akasimama wima nyuma ya mgongo wa mwenzake, msalaba kauinua kwa mikono yote miwili, jina la Yusto limeelekea kwa mama yake.

Kule Makutano, Judith alikuwa ameshasimamisha malori na mabasi ili msiba upite. Akamwona Fredi. Filimbi aliifikisha mdomoni, akaishikilia hapo, maana nani atapuliza filimbi mbele ya maiti? Gari la mwili lilipomfikia akapiga saluti, macho chini.

"Isaya, baba, kanyaga," Eufrasia alisema. "Niwafikie nimshushe."

"Mama, nyuma nimebeba mwili."

"Kanyaga."

Isaya akakanyaga, akawasha taa, akashikilia honi. Wale vijana wakageuka, wakaona pikapu inakuja mbio, na mama wa marehemu kajitoa dirishani hadi kiunoni, anapunga mkono. Wakaelewa wanavyojua wao. Shangwe ikapita kutoka pikipiki hadi pikipiki, kwamba Mama Yusto naye kaingia, kwamba mama ndo anamsindikiza mwanawe kibodaboda. Naye akawapungia kwa nguvu zaidi washuke mwendo, nao wakampungia, wakafungulia mafuta. Kwenye kona ya kuelekea Butiama msalaba ulilala upande, ukakaribia kugusa lami, ukanyanyuka tena, ukazidi kuwa mdogo.

Huko nyuma wanawake walikuwa wamelikumbatia jeneza lisihame, kwaya imekatika. Isaya, jasho linamtoka, akauliza apunguze au aongeze. Eufrasia aliona kwamba akipunguza, Fredi anapotea machoni. Akiongeza, wale wanazidi. Akabaki na mkono wake nje, upepo unaupiga.