Nchi ya Wachezaji wa Ridhaa

Walitaka ridhaa yangu ili binti yangu aache shule akacheze mpira, nami nikashindwa kuitoa na nikashindwa kuinyima. Binti anaitwa Nyamizi, yuko kidato cha tatu, na mguu wake wa kushoto unapiga mpira kiasi kwamba wanaume wa kijiweni hapa mtaani kwetu Tabora huacha bao na kwenda kumtazama. Mchana ule alikuja Bwana Sizya, katibu wa timu ya wanawake ya mkoa wa jirani, na mkungu wa ndizi mkononi. Akamsifia mtoto, akanisifia na mimi kwamba damu haipotei, kisha akasema timu yake iko daraja la pili lakini inapanda, na inamtaka binti kabla mzunguko wa pili haujaanza. Atakaa kambini, shule itasubiri. Nyamizi alinitazama kama kipa anayemtazama mpiga penalti. Mke wangu, Kalunde, alisema neno moja tu, kwamba mwenye kuujua mpira humu ndani ni mimi, basi niseme mimi. Nikasema nitajibu kesho. Sizya alipoondoka nilikwenda uani nikajilaza kwenye mkeka, kwenye kivuli cha ukuta, na duka langu la vipuri vya baiskeli sikulifungua tena siku ile. Mimi mwenyewe niliacha shule kidato cha pili nikafuata mpira wa madaraja ya chini, nikaucheza mpaka goti lilipokataa. Usingizi ulinichukua nikiwa bado nabishana na Sizya kichwani, na hata kwenye mabishano hayo alikuwa ananishinda.

Nikajikuta katika nchi ya vumbi jekundu, tambarare, isiyo na mti wala nyumba, ila milingoti ya magoli imesimama kila upande bila nyavu. Jua lilikuwa utosini na halikusogea. Watu walikuwa wengi, wanaume kwa wanawake, wote wamevaa jezi zilizochujuka hata namba za mgongoni hazisomeki, na wote walielekea upande mmoja, ambako ilisikika sauti ya mto. Nilipoanza kutembea niliona mtu mwembamba aliyevaa kanzu safi anachechemea kando yangu, hatua zake zimelingana na zangu. Nikamuuliza ni nani. Akasema anaitwa Jeraha, na kwamba tunajuana tangu zamani ila sikuwahi kumtazama usoni. Nikakunja ngumi. Akasema kwa upole kwamba wengi hukunja, lakini ningefanya vyema kumfuata, maana katika nchi ile ni yeye peke yake aliyeruhusiwa kuvuka mto akaenda na kurudi.

Wa kwanza kukutana naye alikuwa Sifa, mwanamke mwenye ngoma kiunoni, anayemwita kila mpita njia kwa jina la utani alilopewa uwanjani. Huyu Chui, yule Mashine, yule Waya wa Umeme, na kila aliyeitwa aliongeza mwendo hata kama alikuwa anatoka damu. Nilimsogelea nikingoja aniite Injini, kwa sababu ndiye aliyenipa jina hilo na aliliimba mpaka watoto wakaliandika ukutani kwa mkaa. Akaniuliza mimi ni nani. Nilipomwambia, akasema jina hilo analikumbuka vizuri, ila siku hizi amempa mwingine, kijana mwenye mapafu. Nikamwambia mimi ndiye mwenyewe wa kwanza. Akanitazama goti, akarekebisha mkanda wa ngoma yake. "Baba, mguu mzuri nauimba," akasema. "Mguu mbovu sina wimbo wake."

Mbele kidogo kulikuwa na turubai, na chini yake mtu mfupi mnene aliyecheka kila wakati, watu wamempangia foleni. Huyo alikuwa Posho. Alimpa huyu soda, yule nauli ya nusu ya safari, mwingine akampiga begani akamwambia aje Jumamosi, na wote, hata wa Jumamosi, walimshukuru. Aliponiona alifurahi kweli. Alisema wachezaji wa zamani walikuwa watu, hawanung'uniki, siku hizi wanauliza maswali, na kwamba mimi nilikuwa napokea kwa mikono miwili hata asipotia kitu. Foleni nzima ikacheka, na mimi nikacheka, kisha nikakasirika kwa kucheka. Jeraha alinivuta kando. Akaniambia kwamba Posho ana pacha wake anaitwa Mshahara, anaishi ng'ambo ya mto, wamezaliwa tumbo moja na sura ni ileile, na ndiyo maana vijana wakimwona huyu hudhani wamemwona yule. "Mshahara huja siku yake na kupiga hodi," akasema. "Hangoji kushukuriwa, na asipokuja hushtakiwa. Huyu huja akipenda, na asipokuja wewe ndiye unayeona aibu kuuliza."

Ndipo tukafika kwenye daraja. Katika ujana wangu, timu ikishinda, tulikuwa tunaimba njia nzima kwamba tunapanda daraja, tunapanda daraja, na siku zote mimi niliona ngazi akilini mwangu, kitu ambacho ukikipanda unazidi kuwa juu. Katika nchi ile lilikuwa daraja la kuvukia, la mbao, limenyooka juu ya maji, na aliyekuwa amelipanda hakuwa juu kuliko sisi hata kidogo, alikuwa tu mbali zaidi na nchi kavu. Tulivyoendelea mbao zilizidi kuwa nyembamba. Mbele ya watu alitembea msichana mzuri sana anayeitwa Ahadi, naye alitembea kinyumenyume, amewageukia, hivyo yeye aliona nyuso zao na wao waliona meno yake, na hakuna aliyeona kilichokuwa mgongoni kwake. Neno lake lilikuwa moja, bado kidogo. Chini, kwenye maji ya magotini, waliketi walioanguka. Hawakuwa wanalia. Walikuwa wanabishana juu ya bao fulani, kama lilikuwa la kuotea au halikuwa, na mmoja aliinua uso akaniuliza kama mwamuzi yule bado yu hai.

Kutoka pale katikati niliweza kuona ng'ambo. Nyasi zilikuwa za kijani, zimekatwa, na wachezaji wake walikuwa wanacheza. Nilikuwa nimejiandaa kuona majitu. Niliona watu. Mmoja alipaisha mpira juu ya goli akiwa peke yake na kipa ameshalala, kosa ambalo nilipolifanya mimi nilijificha ndani mchana kutwa kwa aibu. Nikamuuliza Jeraha iko wapi tofauti, wapi kipaji walichonizidi. Akanionyesha mwanamke aliyepita kando ya mto na ungo wa mbegu, anarusha kulia na kushoto, kwetu na kwao, bila kuangalia zinapoangukia. Akasema huyo ndiye Kipaji, na kwamba hajawahi kubagua kingo.

Wakati huohuo mchezaji mmoja wa ng'ambo akaanguka ameshika goti la kulia, na nikajua kwa namna alivyopiga nyasi kwa kiganja kwamba limekwenda kama langu lilivyokwenda. Jeraha aliniomba radhi, akatoka kando yangu, akavuka juu ya maji, akainama kwa yule mtu, akarudi. Hakuchukua muda. Lakini kule kwa yule mtu walikuja watu mbio, mwenye barafu, mwenye machela, daktari na begi lake, na baada yao mtu mkubwa aliyevaa suti, anakimbia huku analia waziwazi kama aliyefiwa. Nikauliza kama huyo ni baba yake.

"Huyo ni Mkataba," Jeraha akasema. "Analia kwa kuwa yule akivunjika, yeye naye anapoteza. Usidhani anampenda. Kesho akipona atamwuza, na akizeeka atamsahau. Lakini mbuzi mwenye mwenyewe akivunjika mguu hufungwa gango, na mbuzi asiye na mwenyewe huachwa njiani. Mimi sikubagua. Goti lako na lake nimeyashika kwa mkono uleule. Siku ile nilipokujia wewe, nani alilia?"

Nikamwambia alilia mama yangu.

"Mama yako alikuwa na nini?"

Nikamwambia alikuwa na maji ya moto na chumvi. Jeraha akaniongoza mpaka mwisho wa daraja.

Na mwisho wake haukuwa ukingoni. Mbao ziliishia katikati ya mto, zimekatwa vizuri kwa msumeno kama kazi iliyokusudiwa, na baada yake yalikuwa maji tu, na ng'ambo ilikuwa karibu kiasi cha kusikia harufu ya nyasi. Pale mwisho, kwenye kigoda, aliketi mwanamke aliyejitanda khanga, mpole, mwenye sauti ya mtu anayebembeleza mgonjwa ale. Alinikaribisha kwa jina langu halisi, Mihayo, wa kwanza kufanya hivyo siku nzima, na nilihisi machozi. Akasema anaitwa Ridhaa, na nchi yote niliyopita ni yake.

Nikamfokea. Nilimwambia daraja lake halifiki, na watu wanapaswa kuambiwa wakiwa bado kule mwanzo. Nikamtajia kambi tulizolala darasani juu ya madawati, mechi tulizocheza tumekula muhogo, goti, na viongozi walioniambia nipumzike kisha wakasajili mwingine kabla uvimbe haujashuka. Alinisikiliza mpaka mwisho akitikisa kichwa kwa huruma, na nadhani huruma ile ilikuwa ya kweli.

"Wale wanaitwa wachezaji wa kulipwa," akasema. "Ninyi mnaitwa wachezaji wa ridhaa. Umeitwa hivyo ujana wako wote, kwenye redio, kwenye hotuba, na wewe mwenyewe umejiita. Hukuliona neno? Maana yake ni kwamba mlikubali. Ulilala juu ya dawati, ukakubali. Ukaambiwa bado kidogo, ukakubali. Sikukuibia, mwanangu. Mwizi huchukua. Mimi hupewa."

Akasogeza kigoda chake kando kidogo ili nafasi ipatikane, akatazama nyuma yangu, na uso wake ukachangamka. Nikageuka. Nyamizi alikuwa anakuja juu ya mbao, viatu vya mpira vimening'inia shingoni kwa kamba zake, anatembea haraka, na Ahadi yuko mbele yake anatembea kinyumenyume huku anacheka. Nyuma ya Nyamizi, Jeraha alikuwa ameshaanza kumfuata, bila haraka, akijaribu kulinganisha hatua.

"Huyu bado mtoto," Ridhaa akaniambia, na akakinga mikono yote miwili kama mtu anayepokea maji ya kunawa. "Hawezi kunipa mwenyewe. Wa kunipa ni wewe."

Nilifungua mdomo na nikaamka.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya ukuta na Kalunde alikuwa anapepeta mchele pale pembeni. Akaniuliza nilikuwa namkatalia nani kwa sauti kubwa namna ile. Nilikuwa nalirudia neno lile peke yangu, ridhaa. Nimeshalisema mara nyingi sana, nimelisema hata kwa kujivuna, kwamba sisi tulicheza kwa ridhaa, kwa mapenzi, si kama hawa wa pesa. Na mchana uleule Sizya alikuwa amekaa barazani kwangu analiomba neno hilohilo, analitaja kwa adabu, ridhaa ya mzazi, na mimi nikadhani anaomba ruhusa.

Asubuhi alirudi. Nyamizi alikuwa amesimama mlangoni na begi lake limeshafungwa. Nilimuuliza Sizya akivunjika mguu nani atamtibu. Akasema hapo sote ni familia, kaka Mihayo, tutachangishana. Nikamuuliza atasoma wapi. Akasema hilo linazungumzika timu ikishapanda. Nikamuuliza atalipwa tarehe ngapi ya mwezi, na hapo akacheka, akamtazama mke wangu kama anayetafuta msaada. "Kaka, wewe si mgeni kwenye mpira," akasema. "Hii ni timu ya ridhaa."

Nikamwambia basi hiyo sina. Akija mwenye mkataba unaosomeka, wenye daktari na shule ndani yake, nitamfungulia mlango usiku wa manane. Sizya alisema timu za namna hiyo haziji Tabora kutafuta watoto, na huenda alisema kweli. Akaaga kwa heshima, akaondoka.

Nyamizi alilirudisha begi ndani. Kisha akatoka akasimama mbele yangu, na hakupaza sauti. "Wewe ulishindwa, baba," akasema. "Kwa hiyo na mimi nisijaribu." Mama yake akamwambia achunge ulimi. Nikamwambia Kalunde amwache. Nilitaka kumweleza binti habari za daraja, na Mkataba, na yule mama mwenye ungo, lakini hiyo ni ndoto, na mtoto wa kidato cha tatu mwenye mguu kama ule huwezi kumlipa ndoto. Aliingia chumbani akafunga mlango taratibu.

Basi nimeuhesabu mpira wangu wote, nilivyoucheza na nilivyoukataa, na umekula hivi. Goti la kulia, ambalo halikunjiki, na chooni nashika ukuta. Shule, kuanzia kidato cha pili. Useremala ambao mjomba wangu alitaka kunirithisha, akangoja nirudi kutoka kambini, akachoka, akamrithisha mtoto wa jirani. Meno mawili ya mbele. Maziko ya baba yangu, aliyeshushwa kaburini nikiwa kwenye basi la timu, tunakwenda kucheza mechi ambayo wapinzani hawakutokea. Na shikamoo ya binti yangu, ambayo sijaisikia tangu asubuhi ile.