Kapu la Nguo la Baba

Nilifika kwa baba huko Lancashire, kaskazini mwa Uingereza, Jumatatu, siku ya kufua, katikati ya Aprili. Mkobani nilikuwa na fomu ya nyumba ya kutunzia wazee. Ilibaki sahihi yangu tu. Kaka yangu Stanley alishasaini. Alisema mzee amechanganyikiwa, kutwa anaanika nguo na kuanua. Mimi naishi London miaka ishirini sasa, ningejuaje?

Nilimkuta jikoni na kapu la nguo mbichi. Nje jua linawaka.

"Baba, mbona umeanua?"

"Mvua, Muriel."

"Mvua ipi? Nimetembea kutoka stesheni, hata tone sijaona!"

"Stesheni ni kule. Imenyesha huku."

Nikachungulia kapu. Juu kabisa kulikuwa na sidiria, kubwa ajabu. Mama alifariki miaka tisa iliyopita. Nilimhurumia baba hadi nikamkasirikia.

"Na hii ya nani?"

"Ya Edna, jirani. Ametoka, nimemwanulia. Wewe ungeiacha ilowe?"

Akaenda kuanika. Sijamaliza kumimina chai, huyo, amerudi mbio na kapu, mvua imemfuata hadi mlangoni. Dakika kumi, jua. Akaanika. Mvua tena. Hata mimi kichwa kikaanza kuzunguka.

"Lakini kwa nini inafanya hivi?"

"Si ndiyo majira ya kuchipua? Jua limeshapata nguvu, linapasha ardhi moto, na huko juu bado kuna baridi ya Januari. Mvuke ukipanda ukakutana na ile baridi, unarudi chini mvua. Wingu likiisha, jua. Mtoto wa Lancashire mzima hujui?"

Stanley asingeweza kueleza hivyo. Nikashusha pumzi. Kisha baba akabeba kapu akatoka, manyunyu bado yanadondoka, akaanza kubana shuka kwenye kamba.

Basi tena. Nilitoa fomu na kalamu, machozi yakinilengalenga.

"Clement! Sidiria yangu iko kwako?"

Alikuwa Edna, ng'ambo ya ua. Naye anaanika, kwenye manyunyu yaleyale.

Nikatoa kichwa dirishani. "Edna, mbona mnaanika mvuani?"

"Tazama kule kilimani, binti. Jua hilo linakuja. Ukingoja lifike ndipo utafute vibanio, limeshapita. London imekusahaulisha?"

Baba hajabana shuka la pili, jua likatufikia.

Baba akaingia, mikono inachuruzika maji. "Karatasi gani hiyo?"

"Ya kuwashia moto," nikasema, nikaitia mekoni mwenyewe.