Msemaji wa Seremala

Muuguzi wa chumba cha kusafishia damu hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Alimwambia seremala kwamba figo zake zimechoka kabisa, na akitaka kuachana na mashine ile lazima apatikane mtu mwenye afya wa kumpa figo moja kwa hiari yake. Mkewe alikwisha pimwa, damu zao zikakataana. Kaka mtu ana sukari.

"Sasa tafuteni watu," muuguzi akasema, "ila mgonjwa asiombe mwenyewe. Watu humwonea haya, kisha humkimbia. Chagua msemaji."

Mke wa seremala akajiweka sawa kwenye kiti, akarekebisha mtandio, akingoja kutajwa. Wamezaa watoto watatu, wana wajukuu. Nani tena?

Seremala akamtaja msusi.

Msusi huyo ni jirani yao, ukuta kwa ukuta, na mtaa mzima humwita Redio kwa kuwa hazimiki. Ni mjane, mcheshi, ana kicheko cha kumfanya mtu asahau alichojia. Mke wa seremala yeye ni fundi cherehani, mtu wa kupima na kukata, maneno yake ya siku nzima yanaenea kwenye kijaluba cha pini. Lakini roho ilimwuma, na tangu siku hiyo haikupoa.

Maana Redio aliifanya kazi kweli. Kichwa kikishaingia mikononi mwake hakitoki bila kusikia habari za seremala. Watu wakaanza kuja. Huyu anajitolea kumpeleka hospitali kwa gari lake, yule anapika siku za mashine, mwingine anakuja kukaa naye tu asiwaze. Na kila aliyeingia alianza hivyo hivyo: Redio katuambia. Redio katuambia miguu inavimba. Redio katuambia halali usiku. Mambo ya chumbani mwake mwenyewe, mke anaambiwa na watu wenye nywele mpya.

Jioni Redio huja kibarazani kumpa seremala habari za siku. Seremala, ambaye kwa mkewe huguna tu, kwa Redio hucheka mpaka akashika mbavu. Mke anawasikia kutoka ndani, anakanyaga cherehani kwa hasira, uzi unakatika.

Jumamosi moja asubuhi, seremala akiwa kwenye mashine, akabisha hodi dereva wa lori, jitu la miraba minne, kofia mkononi. Mke wa dereva huyo husukwa kwa Redio, ndiko habari ilikotoka. Amewaza wiki nzima, sasa anataka kupimwa. Moyo wa mke wa seremala ukaruka. Alikuwa ameshavuta kiti amkaribishe, ila dereva akaongeza, kwa nia njema kabisa:

"Na huyo msusi, mama, anampenda mzee wetu. Akimtaja tu, machozi yanamlenga."

Mke wa seremala akaiona siku ya furaha itakavyokuwa: mumewe mzima, na watu wote wanamshika mkono Redio. Mdomo ukatamka kabla akili haijauwahi.

"Ahsante, baba. Tumeshapata mtu."

Dereva akamshukuru Mungu, akavaa kofia yake, akaenda.

Mke wa seremala alidhani amemrudisha mtu mmoja. Hakukumbuka kwamba habari ya kupata itapita njia ile ile iliyopita habari ya kuomba, tena mbio zaidi. Dereva akampigia mkewe simu, mkewe akaitangaza saluni, na mwalimu mmoja aliyekuwa aende kupimwa Jumatatu akapumua, akasema basi yeye anasafiri. Kabla seremala hajachomolewa sindano, wagonjwa wenzake walikuwa wanampa hongera.

Akarudi nyumbani amechoka, macho yanang'aa. Hakuvua hata viatu.

"Kumbe ulinificha, mke wangu. Ni nani?"

Mkewe akajizungushia utepe wa kupimia vidoleni, akauzungusha tena. Kisha akasema hakuna mtu, akaeleza habari ya dereva, na kilichomfanya aseme alichosema.

Seremala akakaa kitandani taratibu. Hakufoka, afadhali angefoka.

"Nilimchagua Redio kwa kuwa akikataliwa anacheka, anaenda kwa mwingine. Wewe ungekataliwa mara moja, ungekuja kulia hapa, nikubembeleze. Sina nguvu hiyo." Akageukia ukuta. "Nenda kayarudishe maneno yako."

Saluni ilikuwa imejaa. Mke wa seremala akamnong'oneza Redio sikioni, akitumaini yeye atajua pa kuanzia. Redio akaendelea kusuka.

"Hilo sitangazi. Umelianza wewe, limalize wewe," akasema. "Na mumeo simtaki, shoga yangu. Wangu alifia kwenye mashine kama ile kabla sijahamia mtaa huu. Tuliona aibu kuwaambia watu."

Ikambidi mke wa seremala awageukie wateja. Sauti ilimtoka nyembamba. Akawaambia mumewe hajapata figo, bado wanatafuta, na ule uongo aliusema yeye, kwa wivu. Mama mmoja chini ya kikaushio akamtazama juu mpaka chini.

"Kumbe ndiyo maana hujasukwa hapa hata siku moja."

Wakacheka, naye akawaacha wacheke. Mke wa dereva alikuwa kwenye kona, nusu kichwa kimesukwa. Akampigia mumewe, na badala ya kuzungumza akamkabidhi mke wa seremala simu. Dereva alikuwa ameshatoka na mzigo. Alisikiliza mpaka mwisho, lori likinguruma.

"Mama, mimi nilijikaza wiki nzima ndipo nikabisha pale kwako," akasema. "Sijui kama nitaweza kujikaza tena. Niache nifikirie."

Mke wa seremala akamwambia atamngoja. Kisha akakaa kwenye benchi la mlangoni, na kila mwanamke aliyeingia akamweleza habari za mumewe tangu mwanzo, kwa mdomo wake. Walimsikiliza. Lakini wakishamsikiliza walitupa macho kwa Redio, waone kama ataitikia kwa kichwa. Redio aliitikia. Roho ikamwuma mke wa seremala kama siku ya kwanza, na mlango ukafunguka tena, akasogea kumpisha mgeni nafasi, akaanza upya.