Kisanduku cha Mama Pacha

"Hicho nacho ni nini? Umetubebea chakula?"

Kiongozi wa bendi, ambaye tangu ujana wake hakuna aliyemwita kwa jina lingine ila Tarumbeta, aliuliza hivyo akikitazama kisanduku kilichokuwa miguuni pa Mama Pacha. Mpiga besi na mpiga ngoma wakacheka. Mama Pacha naye akacheka, maana mtu aliye kwenye majaribio hana budi kucheka mizaha ya wakubwa.

"Ni pedali, Kiongozi. Milio yote imo humu ndani. Mwangwi, mtetemo, mkwaruzo, chochote unachotaka."

"Na amplifaya yako iko wapi?"

"Sina. Hiki kinachomekwa moja kwa moja kwenye mitambo ya ukumbi."

Tarumbeta alikiangalia tena. Kilikuwa kikubwa kuliko tofali kidogo tu, chenye vitufe vitatu vya kukanyaga na kioo kama cha simu. Akavuta pumzi kama mtu aliyeletewa mgonjwa na hajui aanzie wapi kumtibu.

"Leo ndiyo leo, mama," alisema. "Asemaye kesho mwongo."

Hapo hakuwa anatania. Mpiga gitaa la solo alikuwa ameihama bendi, na watu wawili waliitaka nafasi yake. Wa kwanza alikwisha kusikilizwa, na alipiga vizuri. Leo ilikuwa zamu ya Mama Pacha, kwenye harusi ya mchana, mbele za watu. Akiweza, nafasi ni yake. Akishindwa, arudi kwenye cherehani yake, na hakuna bendi nyingine ambayo ingehangaika kumjaribu mwanamke wa umri wake. Alilijua hilo vizuri.

Gitaa alilipiga usichanani, akaliweka juu ya kabati alipojifungua pacha, nalo likakaa huko mpaka pacha wakaota ndevu. Alipokuja kulishusha, nyumba ilikuwa imekwisha kupata mkaguzi: mama mkwe. Bibi yule alipenda kimya kuliko sukari, na chumba chake kilitenganishwa na cha mwanawe kwa ukuta wa mbao uliopitisha hata kikohozi. Ndipo kaka yake Mama Pacha alipomletea kile kisanduku. Unachomeka gitaa upande huu na hedifoni upande ule, na dunia nzima inakuimbia masikioni, huku nje hasikii mtu ila nyuzi zikidonoa tiki-tiki kama kuku kwenye sahani ya bati.

"Mwaka mzima mke wa mwanangu anakuna gitaa bubu," mama mkwe aliwaambia majirani. "Dawa yake sijui ni nini."

Dawa yake ilikuwa kukuna zaidi. Kila alipomaliza kushona, Mama Pacha aliketi kitandani akatengeneza milio yake, akaipa namba, akaihifadhi. Namba moja ndiyo aliyoipenda kuliko zote. Aliipanulia mwangwi ukawa kama wa jumba kubwa, akaijaza besi mpaka kifua kikatetema, kisha akaifuta ukali wote. Akifumba macho, alikuwa jukwaani.

Na sasa alikuwa jukwaani kweli. Mlinzi wa ukumbi alichelewa kuja na ufunguo, kwa hiyo wageni waliingia nyaya zikiwa bado zinafungwa, na nafasi ya kujaribu vyombo haikuwepo. Bi harusi alikuwa binti wa jirani, basi mama mkwe naye alikuwamo, safu ya mbele kabisa, kanga mabegani.

"Nimekuja kusikia na kula," alimwambia mkwewe alipopita. "Nisiposikia, nitakula."

Mpiga ngoma alihesabu, wimbo ukaanza. Mama Pacha akakanyaga namba moja.

Kilichotoka kwenye spika kilikuwa matope. Kila noti iliiangukia nyingine kabla haijasimama. Besi ya gitaa lake ilipigana na besi ya mwenye besi, na ngoma zilipoingia gitaa likapotea kabisa, ungedhani limetiwa guniani. Akakanyaga namba mbili, matope yakatetemeka. Akakanyaga namba tatu. Ukatoka mlio mkali, bwana mmoja akaziba masikio. Akafanya lile ambalo kila mwenye hofu hulifanya: akaongeza sauti. Sasa yakawa matope mengi.

Mpiga besi alimsogelea. Hakuwa na ubaya, ila ulimi wake haukuwa na breki. "Jogoo wa shamba hawiki mjini, mama. Punguza tu, tutakufunika."

Tarumbeta alimwonyesha kwa kiganja: shusha sauti. Akashusha. Alimalizia wimbo akizigusa nyuzi juu juu, na alipoinua macho akamwona mama mkwe ameweka kiganja nyuma ya sikio, shingo ameinyoosha, anamtafuta ndani ya kelele zile na hampati. Hilo lilimuuma kuliko kile kiganja cha Tarumbeta.

"Maharusi wako mlangoni," Tarumbeta alimnong'oneza. "Wimbo wao unaanza na gitaa peke yake. Nikuanzishie kwa tarumbeta?"

Alisema kwa upole, na Mama Pacha akauelewa upole huo. Akikubali, majaribio yamekwisha.

"Nipe dakika moja, Kiongozi."

"Bi harusi hana dakika."

"Basi nusu."

Akapiga magoti mbele ya kisanduku, uso ukimwaka kwa aibu. Mbona nyumbani kilikuwa kikiimba? Ni milio ile ile, mkono ule ule. Akaitazama dari ya bati iliyo juu sana, akaitazama bendi, na jambo likamjia jinsi linavyomjia fundi mteja anapotoka kujaribu nguo. Milio hii aliikatia kwenye sanamu ya duka la nguo, si kwenye mwili wa mtu. Ndani ya hedifoni alikuwa peke yake, ndiyo maana alijishonea jumba la mwangwi ili asiwe mpweke, akajitilia na besi ya watu ambao hawakuwapo. Lakini ukumbi huu una mwangwi wake. Bendi hii ina besi yake. Nguo ikikataa mwilini, fundi mchanga huongeza kitambaa. Aliyezeeka kwenye kazi huchukua wembe akafumua.

Akafumua. Mwangwi, akauzima wote. Besi, akaikata mpaka ikabaki chembe. Sauti za kati, zile kali zilizomkera nyumbani hata akazizika, akazifukua na kuzipandisha juu. Alibakiza kitufe kimoja tu cha kuongeza nguvu kidogo na mkwaruzo kidogo, wakati wa solo. Hakuwa na njia ya kuusikia mlio huo kabla watu wote hawajausikia pamoja naye. Mlio mtupu hauna pa kuficha kosa, na aliogopa, aliogopa kweli.

Mlango ukafunguliwa. Akasimama, akapiga.

Noti ya kwanza ilitoka safi, ikavuka vichwa vya watu, ikagonga ukuta wa nyuma na kurudi yenyewe. Ya pili ikaikuta. Wageni waliokuwa wakiongea wakanyamaza katikati ya neno. Maharusi wakaanza kutembea, na kila hatua yao ilikuta noti mahali pake. Kisha besi ikaingia chini, ngoma ikaingia nyuma, na safari hii kila mtu alikuwa na kiti chake.

Lo! Ilipofika solo, Mama Pacha alikanyaga kile kitufe na gitaa likapanda juu ya bendi nzima bila kumsukuma mtu. Alicheka peke yake. Furaha ilimjaa mpaka kooni, na miaka yote ya juu ya kabati ikamtoka kwa vidole.

Mama mkwe alisimama. Akamgeukia mgeni aliyeketi kando yake, ambaye hakuwa amemuuliza kitu.

"Huyo ni mke wa mwanangu!" alipiga kelele. "Kwangu hatulali kwa gitaa hilo!"

Maharusi walivifikia viti vyao wakakataa kukaa. Tarumbeta akazungusha kidole hewani: rudi tena. Akarudi tena. Wapishi walitoka jikoni na kujazana kwenye mlango wa pembeni, mmoja bado ameshika mwiko. Wimbo ulipokwisha, makofi hayakukoma, na Tarumbeta alijifuta midomo, akamwendea. Katika bendi ile, tangu ianzishwe, wimbo unaofuata huchaguliwa na mpiga solo. Hachagui mwingine, hata kiongozi.

"Solo," alisema, "tunakwenda na nini?"

Mama Pacha akainamia nyuzi akapiga mwanzo wa wimbo mmoja wa haraka. Mpiga besi akaangua kicheko, akaudaka kabla haujaanguka, na pale mlangoni yule mwenye mwiko akaanza kuyumba taratibu, macho ameyafumba.