Kitenge cha Njano Kwenye Video ya Lori

Uliiona, ukageuza uso. Kabla ya kugeuza uso ukaituma kwenye kundi la ukoo, ukaweka viganja vya pole, ukarudi kumenya viazi vyako.

Usinikatalie. Video ya lori la pale Misunkumilo ilipita kwenye simu yako kama ilivyopita kwenye yangu, imeshawekewa wimbo wa kwaya. Lori linapita gari lingine kwenye kona, linaacha lami, baiskeli inaruka. Mwenye baiskeli alikuwa wapi kabla ya hapo, haionekani. Aliyeweka wimbo aliikata pembeni ili ienee vizuri kwenye skrini.

Ndivyo tulivyo huku. Ajali haitumwi tupu, lazima iimbiwe. Tunaita heshima. Dereva alipohojiwa alisema baiskeli ilimkatiza ghafla, na video iliyozagaa haikuwa na cha kumpinga. Basi Apolinari, mkulima wa mpunga mwenye ile baiskeli, amelala hospitali na vyuma mguuni, na mkosaji ni yeye.

Nakumbuka Stanslaus wa mkaa, aliyegongwa barabara hiyohiyo kabla haijapata lami. Waliomwona walijaza uwanja wa mazishi. Kituo cha polisi hakwenda hata mmoja.

Romana, mke wa Apolinari, hakuangalia lori. Aliangalia pembeni ya video, akaona kipande cha kitenge cha njano kinapepea. Akazunguka maduka mpaka akakikuta kimetundikwa nje kwa Sauda, ambaye kila asubuhi huegesha simu kwenye kigoda na kurekodi mzigo mpya kwa ajili ya wateja. Video nzima ilikuwa kwake. Alikuwa amemrushia jirani tu, mengine yakafuata.

"Mama Farhan, mume wangu alikuwa amechutama, anafunga mnyororo," Romana alimwambia Sauda. "Wewe unalo hilo."

Sauda aliendelea kukunja vitenge. "Ninalo. Na simu ikibaki polisi, wateja wangu wa Mwese watanipata wapi? Nifuge njiwa wa kupeleka barua?"

"Simu ikibaki huko, nitakaa mimi hapa dukani. Atakayekuja kukuulizia nitamwambia simu ya Mama Farhan imeenda kusema kweli."

Sauda alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Akafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo hakulifanya hata alipougua.

Kituoni niliwasindikiza wote wawili. Afande Fredrick wa trafiki alitazama video mara ya kwanza, akairudisha nyuma, akatazama tena. Sauda alianza na pole kwa familia. Akaambiwa aanze na pale aliposimama: aliona nini kwa macho yake, alisikia nini, simu ilikuwa imeelekea wapi. Afande aliandika, kisha akamsomea.

"Afande, hapo hapana," Sauda alimkatiza. "Umeandika alikuwa anapita. Hakuwa anapita. Alikuwa chini, nje ya barabara, mikono kwenye mnyororo. Kama hilo halimo, sitii saini."

Afande alilikata neno, akaandika lingine juu yake, akamwambia asaini na palepale lilipokatwa. Simu ikaingia kwenye bahasha kama kielelezo. Sauda akabaki anapapasa mfuko wa baibui.

Afande alisema sasa Apolinari ana pa kusimamia. Ila utingo wa lori naye ameandika maelezo, kwamba walipisha baiskeli iliyokuwa katikati ya lami, na wakili wao atasema simu ya kwenye kigoda haikuona upande wa pili wa lori. Anatakiwa mtu aliyeona kutoka upande wa pili.

Upande wa pili ni kwenye banda la chipsi. Kwenye video ya Sauda, ile isiyokatwa, lori likishapita, watu wamesimama hapo na simu zimeinuliwa. Nyuso zinaonekana. Mmoja ana shati lako.

Sauda ametoa simu inayomlisha. Wewe unaombwa dakika chache na mdomo. Weka hicho kisu na viazi, usifute kitu, usiweke wimbo. Nenda kwa afande Fredrick leo, kituo kiko wazi.